Mzee wa Majalada: Dayari Inayoijua Mbalamwezi

Toleo lililopita niliahidi kwamba safari hii safu yote itakuwa ya dayari za kujitengenezea, za kupangia kazi na zile za kuandika na kuchora mambo ya moyoni. Barua zimezidi nafasi, kwa hiyo nimechagua zile ambazo jibu lake litawafaa na wengine. Walioniuliza duka langu liko wapi: sina duka. Nilikuwa nafunga vitabu vya hesabu kwenye karakana ya uchapaji hapa Mwanza. Sasa nimestaafu, ila mikono imekataa kustaafu.

Shikamoo Mzee. Nafanya biashara ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Kila mwaka benki inanipa dayari ya bure, nzuri kweli, ina na utepe wa kuwekea alama, lakini ikifika Machi imeshakuwa ya watoto kuchorea. Haiendani na kazi yangu. Binti yangu ananiambia nitengeneze ya kwangu. Nianzie wapi, na ninunue nini? — Mama wa Dagaa, Kirumba

Marahaba, mama. Kabla hujanunua hata karatasi moja, ifungue hiyo ya benki uitazame vizuri. Saa zinaanza saa 2 asubuhi. Jumamosi na Jumapili zimebanwa pamoja kwenye kisanduku kimoja kama abiria wa siti ya nyuma ya daladala. Imetengenezwa kwa mtu wa ofisini, na huyo inamfaa. Wewe ikifika saa 2 umeshanunua, umeshazozana na mwenye ndoo, na mzigo uko juani. Dayari hiyo haina pa kukuandika.

Kazi ya kwanza basi haina gharama. Chukua kaunta buku lolote lililobaki na kurasa, na kwa wiki nzima, kila usiku kabla ya kulala, andika ulichofanya siku hiyo na saa uliyokifanya. Usipige mistari wala usipange. Wiki ikiisha safu zitajitokeza zenyewe. Nikibahatisha, utakuta ndoo ulizonunua na bei yake, mzigo uliopo kwenye chanja, nani kachukua, kalipa ngapi, kimebaki ngapi. Pembeni utakuta kikoba, ada, na mambo ya nyumbani.

Halafu kuna mwezi, na hapa ndipo dayari ya mkono inapoishinda ya benki. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Taa inawavuta kwa sababu kuna giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa inakosa nguvu, mitumbwi inapumzika, na kinachotokea kwenye bei wewe unakijua kuliko mimi. Januari na Februari za kalenda hazina habari na jambo hilo. Kutoka mwezi mpevu mmoja hadi mwingine ni siku 29 na nusu hivi, kwa hiyo mpevu hautulii kwenye tarehe moja. Ukiuona mpevu wa kwanza, andika tarehe yake, kisha hesabu siku 29, halafu 30, halafu 29, halafu 30. Utapishana nao kwa siku moja hapa na pale, haidhuru. (Idi nazo ziandike kwa penseli, kwa sababu hiyohiyo ya mwezi.)

Mpevu uchoree duara tupu, giza lichoree duara jeusi. Siku chache kabla na baada ya mpevu zipake njano nyepesi pembeni mwa ukurasa. Hizo ndizo siku zako za kudai madeni, kwenda kwa fundi, kushona vyandarua vya kuanikia, au kumsalimia mama Sengerema; daraja la Kigongo–Busisi limeshafunguliwa, kisingizio cha foleni ya kivuko hakipo tena. Machi hadi Mei weka na alama ya mvua, maana dagaa waliolowa masika siyo wale wa Julai, na hesabu zako za mwaka jana zitakuambia wangapi waliharibika.

Sasa ukubwa. Usitengeneze ya mwaka mzima. Watu hawapendi kuambiwa hivi, wanataka kitabu kinene chenye jina lao juu, lakini piga hesabu: wiki za mwaka kwa kurasa mbili mbili zinapita kurasa 100, weka na za miezi na za madeni ukafika 160. Hizo ni karatasi 40 za A4 zilizokunjwa, mafungu kumi ya kushona. Mtu anayeanza atachoka fungu la tatu. Na akimaliza, safu alizozichagua Desemba atazijutia Februari, akiwa na miezi kumi mbele yake.

Tengeneza kijitabu cha miezi mitatu. Karatasi moja ya A4 ukiikunja katikati inatoa kurasa 4. Karatasi 12 zinatoa kurasa 48, na wiki 13 zinakaa humo vizuri. Mwili wa kijitabu unauchomeka ndani ya jalada moja gumu lenye lastiki mgongoni. Robo ikiisha unakivuta, unakihifadhi, unachomeka kingine. Jalada linadumu miaka, na safu isiyokufaa inaondoka Aprili bila kelele.

Ukurasa wa kushoto weka siku saba, zote urefu mmoja, Jumapili sawasawa na Jumatatu. Kila siku igawe mara tatu: alfajiri kuanzia saa 10, mchana, jioni. Usiandike saa moja moja, utazijaza wasiwasi. Ukurasa wa kulia ndio wa fedha. Upana wake ni milimita 148. Acha 12 upande wa mshono na 10 upande wa nje, zinabaki 126, ambazo ni safu saba za milimita 18: tarehe, ndoo, bei, chanja, mteja, alicholipa, baki. Safu ya milimita 18 inaingiza tarakimu sita za mwandiko wa kawaida. Ikiwa mwandiko wako ni mkubwa, chanja na tarehe ziunganishe.

Sasa sikiliza ujanja wa karakana. Huna haja ya kuchora mara 13. Chora mara moja tu, kwa kalamu nyeusi, kwenye karatasi ya A4 iliyolazwa: nusu ya kushoto siku, nusu ya kulia fedha. Karatasi ikikunjwa na kuchomekwa kwenye nyingine, nusu ya kushoto itabaki kushoto popote itakapoangukia, na kulia kulia. Peleka steshenari wakutolee kopi: karatasi 6 pande zote mbili, ya 7 upande mmoja tu. Mwambie kijana wa mashine kichwa cha ukurasa kikae juu pande zote mbili, maana asipoambiwa anageuza vibaya, nawe utapata Jumatatu imesimama kwa kichwa. Kunja zote 7, ile ya upande mmoja iwe ya nje, upande wake mtupu utazame nje. Ukifungua utahesabu wiki 13 zimejipanga, kila wiki kushoto na kulia yake. Karatasi 5 zilizobaki tupu zivalishe nje. Humo mna kurasa 22 pamoja na zile mbili tupu: sita za vipindi vitatu vya mwezi, 16 za madeni. Tarehe ziandike baada ya kushona, siyo kabla.

Vya kununua ni vichache: karatasi, uzi, sindano, lastiki ya nguo, wembe mpya. Rula iwe ya chuma, ya plastiki wembe unaila. Kwa jalada, begi la ngozi la mitumba pale Mlango Mmoja linatoa mawili, na ukipendelea kitenge, kibandike juu ya gamba la kaunta buku la zamani.

Shikamoo mzee wangu. Nipo Nansio, Ukerewe. Nimejishonea daftari kwa uzi wa nailoni wa nyavu kwa sababu ndio uliopo nyumbani, baba anashona nyavu. Mafundo yanafunguka yenyewe, na karatasi ya katikati imechanika kwenye matundu. Niache nailoni nitafute uzi wa pamba? Wabeja. — Kijana wa Nansio

Marahaba kijana, msalimie mzee. Nailoni haina kosa. Ina nguvu kuliko pamba na haiozi, ndiyo maana iko kwenye nyavu. Tabia zake mbili tu ndizo zinazokusumbua: inateleza, na ikivutwa ni kali.

Kuteleza kunatibiwa na nta. Pitisha uzi kwenye kipande cha nta ya nyuki mara mbili tatu hadi uhisi unanata vidoleni. Nta ikikosekana, mshumaa utasaidia, ingawa haunati vile. Fundo la mwisho, unapovusha ncha mara ya kwanza, vusha tena kabla hujakaza. Mara mbili chini, mara moja juu. Baba yako anajua mafundo ya nailoni kuliko mafundi wa vitabu wote wa Kanda ya Ziwa, mwulize na uniandikie alichokuonyesha.

Kuchana kunatokana na mambo mawili. Uzi mwembamba unakata, chagua wa unene wa kamba ya chandarua siyo wa ndoano. Pili, naamini unavuta uzi kuelekea juu, kuja kifuani kwako. Vuta sambamba na mgongo wa kitabu, kuelekea tundu unalokwenda. Ukivuta juu, uzi unafanya kazi ya msumeno kwenye tundu. Na katikati kabisa, ndani ya mkunjo, bandika utepe mwembamba wa karatasi ya manila kabla ya kutoboa, ili fundo likae juu ya kitu kigumu.

Matundu yawe matano. Urefu wa mkunjo ni sentimita 21, kwa hiyo pima kutoka juu: sentimita 2, 6.25, 10.5, 14.75 na 19. Toboa yote pamoja, karatasi zikiwa zimefunguka juu ya boksi, kwa msharasi wa fundi viatu au sindano nene uliyoichomeka kwenye kigunzi. Usitoboe kwa msumari. Unaacha tundu kubwa ambalo uzi unacheza ndani.

Uzi uwe mara tatu ya urefu wa kitabu. Ingiza sindano tundu la 3 ukitokea ndani kwenda nje, acha mkia wa urefu wa kiganja. Rudi ndani kwa la 2. Toka kwa la 1. Rudi ndani kwa la 2 tena. Sasa ruka la 3 kwa ndani, toka kwa la 4, ingia la 5, toka la 4 tena, malizia kwa kuingia la 3. Utakuwa na mikia miwili katikati na uzi mrefu umepita kati yao. Mkia mmoja uwe upande huu wa uzi huo, mwingine upande ule, kisha funga juu yake. Ukifunga mikia yote upande mmoja, uzi mrefu utalegea na kijitabu kitaning'inia.

Ukimaliza kushona, utaona karatasi za ndani zimechomoza kuliko za nje, zaidi ya milimita moja kwa karatasi 12. Ni kawaida, unene wa mkunjo unazisukuma. Kata ukingo sasa, siyo kabla ya kushona, kwa wembe mpya na rula ya chuma, ukipitisha mara nyingi taratibu. Anayetaka kukata mara moja kwa nguvu huishia na ukingo wa ngazi.

Shikamoo babu. Nipo kidato cha tano. Nataka shajara ya kuchora na kubandika vitu, siyo ya ratiba. Nimejaribu kwenye daftari la kawaida: maka peni inapenya upande wa pili, gundi inafanya kurasa ziwe na mawimbi, na sasa daftari limefura halifungiki. Mama amekataa kununua lingine. — Mwanafunzi, Nyegezi

Marahaba mjukuu. Mama yako yuko sawa, lakini hata wewe hujakosa.

Karatasi ya daftari la shule ni nyepesi. Ile ya rimu ni ya gramu 80 kwa mita ya mraba, na maka peni inaipenya pia. Ulizia ya gramu 100 au 120 kwenye maduka ya uchapaji. Mara nyingi wana vipande vilivyobaki baada ya kukata kazi za wateja, na mtoto akiomba kwa adabu wanampa. Vinginevyo tumia biki na penseli za rangi, na kwa rangi ya maji chora kwenye manila kisha ubandike.

Unapokunja karatasi, ijue nyuzi zake zinalala upande gani. Karatasi ina nyuzi kama kitambaa, na kila karatasi inakunjika vizuri upande mmoja tu. Ishike mkononi, ipinde taratibu bila kuvunja, kwanza kwa urefu kisha kwa upana. Upande unaokubali bila ubishi ndio mwelekeo wa nyuzi. A4 nyingi za madukani nyuzi zake zinafuata urefu, kwa hiyo ukizikunja katikati unazikunja kinyume. Kwa kijitabu cha hesabu si kitu, lakini shajara ya kuchorea, inayotaka kulala wazi mezani, itakuwa inajifunga usoni pako. Dawa yake ni kununua A3 zenye nyuzi za urefu na kuzikata katikati. Unapata A4 ambazo nyuzi zake zimelala upande mfupi, nazo zinakunjika kwa hiari. Wengi waliofundishwa kwenye simu hawajaambiwa hili.

Mawimbi yanaletwa na maji yaliyomo kwenye gundi. Paka kidogo, na paka kile kitu unachobandika, usipake ukurasa. Kisha weka kifuniko cha nailoni cha daftari juu ya ukurasa ili usishikane na mwenzake, funga, na weka uzito wa kutosha usiku kucha. Vitabu vya fizikia vinafaa, na huenda hiyo ikawa mara ya kwanza vifanye kazi usiku.

Kufura ni swali la hesabu. Ukibandika vitu kwenye kurasa, ukingo unanenepa lakini mgongo unabaki vilevile, ndiyo maana kitabu kinapanua mdomo. Kabla ya kushona, kata karatasi kadhaa usawa wa kidole kutoka kwenye mkunjo, uache mkia wa sentimita 1.5 tu. Mikia hiyo inaongeza unene mgongoni bila kuongeza kurasa, na kila mkia unalipia ukurasa mmoja uliobandikwa vitu. Kwa daftari ulilonalo tayari, punguza kurasa tupu kwa mtindo huohuo, kila baada ya kurasa tatu nne, lakini using'oe ukurasa mzima kutoka kwenye mkunjo, maana mwenzake wa upande wa pili atadondoka.

Cha kubandika, usinunue stika. Una tiketi ya kivuko cha Kamanga, una lebo za vitenge zinazookotwa Makoroboi, una majani ya uani. Na una mawe! Mtu anakaa Mwanza, jiji lililopanda juu ya mawe, halafu anatafuta ruwaza za kupamba ukurasa kwenye simu. Chukua karatasi nyembamba, ilaze juu ya jiwe la nyuma ya nyumba, isugue kwa ubavu wa penseli laini. Punje zote za jiwe zitatokea, kila jiwe na uso wake, lililokaa kivulini tofauti na lile ambalo watu hulikalia. Andika chini ni jiwe la wapi. Ukifika kurasa kumi za mawe ya mitaa tofauti, niletee nizione, sitanii.

Mzee, mimi ni muuguzi wa zamu hospitali moja hapa jijini. Ratiba inabandikwa ukutani na kubadilishwa bila taarifa. Dayari gani itanifaa? — Muuguzi

Isiyo na tarehe. Acha tarehe tupu, uziandike kwa penseli ratiba ikitoka. Zamu usiiandike kwa maneno: paka rangi ukingo wa nje wa ukurasa, nusu sentimita, asubuhi njano, jioni nyekundu, usiku bluu, mapumziko uache mweupe. Kitabu kikiwa kimefungwa utaona kwenye ukingo wake mapumziko yako yako wapi. Ila kwa hili ukurasa uwe wa siku moja, siyo wa wiki.

Shikamoo Mzee. Nilibandika kitenge kwenye jalada kwa uji wa ngano kama ulivyofundisha. Kikatoka kizuri. Mende wamekila. — Mwenye hasira, Mabatini

Marahaba, na pole. Uji wa ngano ni chakula, mende hawakukosea njia. Bado naupendelea kwa kitambaa, kipimo kimoja cha unga kwa vitano vya maji, upikwe hadi ung'ae na uchujwe, kwa sababu unakupa muda wa kunyoosha mikunjo. Lakini kwa nyumba yenye mende changanya nusu kwa nusu na gundi nyeupe ya maseremala, na mgongoni utumie hiyo ya maseremala peke yake. Jalada likauke kabisa, siku mbili ama tatu msimu wa mvua, maana unyevunyevu ndio unaowaita. Tunza kwenye kopo la bati lenye kifuniko.

Mmoja ameniuliza kama ni kweli mabondo ya sangara yanatoa gundi. Ni kweli, gundi ya kibofu cha samaki ni ya zamani na mafundi wa kukarabati vitabu wanaiheshimu. Lakini kwa bei ya mabondo ya sasa, atakayekukuta unayachemsha ili ubandike daftari atawaita ndugu zako.

Mzee, mume wangu anasoma shajara yangu. Nifanyeje? — Mke wa mtu, Buswelu

Tenganisha. Vijitabu viwili ndani ya jalada moja: cha mbele matumizi ya nyumba, hicho asome, na ikiwezekana achangie. Cha pili hakikai kwenye jalada hilo. Zaidi ya hapo swali lako siyo la karatasi, mpelekee Shangazi ukurasa wa 14.

Shikamoo. Nimejifunza kutengeneza na majirani wanazipenda. Nataka kuuza. Nipange bei vipi? — Mjasiriamali, Igoma

Marahaba. Tuseme rimu umeinunua sh. 12,000. Ina karatasi 500, kila moja sh. 24, na kijitabu cha karatasi 12 kinakula sh. 288. Kopi za pande 13, tuseme sh. 100 kwa upande, ni sh. 1,300. Uzi na nta weka 200. Hapo ni karibu sh. 1,800 kwa mwili wa kijitabu. Jalada ndilo ghali, na ndilo watu wanaloliona, lakini usiweke faida yako yote hapo. Jalada analinunua mara moja. Kijitabu atarudi kukichukua mara nne kwa mwaka, kama umemtengenezea safu zake mwenyewe. Mwuza dagaa umwuzie yenye mwezi, mwalimu yenye mihula, fundi cherehani yenye vipimo. Yule anayeuza dayari ya aina moja kwa wote anashindana na zile za bure za benki, na hatazishinda.

Muda wa mkono wako uhesabu pia. Kata, kunja na toboa kumi kwa pamoja, kisha shona kumi. Ukitengeneza moja moja mwanzo hadi mwisho, siku inaisha na meza imejaa vipande. Zenye tarehe za mwaka usizitengeneze kwa akiba, Februari zinakuwa karatasi ya kufungia karanga. Nane Nane pale Nyamhongolo peleka zisizo na tarehe.

Kwa oda ya jina juu ya jalada, chukua nusu ya malipo kwanza, na mpe mteja karatasi aandike jina lake mwenyewe, kwa mkono wake, herufi kubwa. Usimwandikie kwa kusikia kwenye simu. Kuna Masanja na kuna Masanza, na jalada la ngozi lililochomwa jina la mwingine utalibeba wewe.